Kijana, Umeniandika?

Kikao cha kebo kilianza saa nne asubuhi, na kufika saa nne na nusu mimi nilikuwa najiona mfalme. Naomba mlielewe hilo kwanza kabla hamjanihukumu. Wageni kutoka miji kumi na miwili walikuwa wamepanda mpaka Lihanje kuja kuliona Kapu, programu yetu ya kupima maneno ya wataalamu, likifanya kazi. Wamejipanga kwenye viti vya plastiki nyuma ya ukumbi, na Kapu lenyewe, lote, liko ndani ya simu yangu. Simu ya kawaida tu, kioo kina ufa kwenye kona.

Wataalamu mezani walikuwa watano. Swali lilikuwa moja: kebo ya Ungo itamaliza mvua za masika, au tuufunge Ungo leo mpaka kebo mpya ije mwezi wa saba?

Ungo ni jina ambalo watu walilipa lile behewa linaloning'inia kwenye kebo, linashuka kutoka kwetu juu mpaka kijiji cha ziwani kwa dakika ishirini. Bibi zetu walituambia wachawi ndio wanaoruka kwa ungo, basi sisi tukasema haya, na wetu umefika. Bila huo Ungo, mama mwenye uchungu anabebwa kwenye machela mpaka hospitali ya chini saa sita nzima, miamba mitupu. Kwa hiyo kuufunga halikuwa jambo la mzaha. Kuuacha uendelee nalo halikuwa jambo la mzaha.

Hakuna aliyetaja namba. Sheria ya Neno inakataza. Zamani wataalamu walikuwa wanasimama wanasema asilimia tisini na tisa, watu wanapiga makofi, halafu daraja linaondoka na basi zima. Baada ya hapo ikaamuliwa mtaalamu aseme kama binadamu, na wasiwasi wake usikike. Maneno ni saba na kila mtoto wa shule anayajua kwa mpangilio: Haiwezekani, Ni Shida, Huenda Isiwe, Katikati, Huenda, Yaelekea, Hakika. Na kama huna uhakika, unasema mawili. Unasema "kati ya Huenda na Yaelekea", na Kapu linajua upana wa mashaka yako.

Kazi ya Kapu ni kuokota hayo maneno na kupima neno la kila mmoja liko mbali kiasi gani na la wenzake. Mapatano yakifika nane kwa kumi, kijani kinawaka, watu wanaenda kunywa chai. Yasipofika, Kapu linamgeukia yule aliye mbali kuliko wote, linamwomba aeleze tena, polepole, wenzake wamsikilize. Hiyo tunaiita kurudisha. Neno la nani limehesabiwa vipi, naona mimi mwendeshaji tu. Meza inaona rangi.

Sasa Mzee Gama. Fundi wa kebo miaka thelathini na moja, Mngoni wa Songea huko, mfupi, helmeti ya njano iliyopauka mpaka imekuwa rangi ya ugali. Alikuwa anaisikiliza kebo kwa nyundo. Kichwa cha nyundo anakiweka kwenye chuma, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Mbele yake anakaa Dokta Mgongolwa, Mhehe, mtaalamu wa vyuma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Ndiye aliyeipitisha ile kebo miaka minane nyuma. Sahihi ni yake.

Mngoni na Mhehe. Mnajua tayari. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaacha utani kwa wajukuu. Hao wawili kwenye meza moja ilikuwa balaa. Mwaka wa kwanza wa Kapu tulikaa kikao cha pampu ya maji, swali dogo kabisa, tukarudisha mara kumi na nne. Mzee Gama anamwambia Dokta kwamba ni mwongo kama babu yake aliyekimbia akaacha ngao, Dokta anajibu kwamba Mngoni hata akisema leo ni Jumanne yeye anatafuta kalenda. Kapu, maskini, linadhani watu wamegombana. Mapatano tatu kwa kumi. Chai ikaisha, sukari ikaisha, na pampu tukaiacha vilevile.

Mimi ndiye niliyeliponya. Wiki tatu nilikaa nalilisha rekodi za utani, za harusini, za misibani, za baa, mpaka likajua: hapa mtu anamtania mtani wake, sentensi hii isipimwe. Inageuka kijivu kwenye skrini, inaachwa. Kikao kilichofuata kiliisha kwa dakika hamsini. Picha yangu ilitumwa miji yote arobaini yenye Kapu. Mama yangu aliiweka kwenye fremu.

Basi turudi mezani. Watatu walikuwa wamekwisha kusema, wote juu kidogo ya Katikati. Zamu ya Mzee Gama ikafika. Akasogeza kikombe cha chai pembeni. Nyundo ilikuwa magotini.

"Huyu Mhehe anaipenda hii kebo," alisema, "kwa sababu babu zake walizoea kutukimbia kwa miguu kupanda mlima. Sasa wamezeeka, wanataka kubebwa. Mimi nasema kati ya Haiwezekani na Ni Shida. Itakatika. Tena ikatike yeye akiwa ndani, nipate wali wa msiba."

Ukumbi ulicheka. Wageni walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Utatangulia wewe," Dokta akamjibu. "Na ukifa nakuja na nyundo yako hiyohiyo, nigonge jeneza nisikilize. Wangoni hamuaminiki hata mkiwa mmekufa."

Wakacheka tena. Lakini Dokta alipotoa neno lake, alikaa kidogo kwanza. Alikuwa anamwangalia Mzee Gama. Nilijua alikuja na Yaelekea, aliniambia mwenyewe asubuhi mlangoni. Akasema Huenda.

Nikaangalia simu. Maneno manne meupe. Moja la kijivu, la Mzee Gama. Mapatano nane nukta tatu. Kijani.

Chini ya lile la kijivu kuna kitufe, Rudisha. Nilikiweka mimi mwenyewe, kwa ajili ya siku ambayo programu itakosea. Ukikibonyeza, Kapu lingemwambia Mzee Gama: tafadhali sema tena bila utani. Na niliona, yaani hili ndilo linaloninyima raha, niliona kwamba mzee hakucheka. Kila siku akimtania Dokta anakuwa wa kwanza kucheka, mabega yanaruka. Siku ile mabega yalitulia.

Nilielewa baadaye kwa nini alisema vile. Angemwambiaje Dokta mbele ya wageni kwamba sahihi yake imeoza? Angemvunjia heshima. Kwa mtani una njia: unamwambia ukweli mchungu umeufunga kwenye kicheko, yeye anaupokea, wengine hawajui kitu. Na Dokta aliupokea, ndiyo maana alishuka ngazi. Wao wawili walielewana kabisa. Aliyebaki ni Kapu.

Ningerudisha, mapatano yangeanguka mpaka tano. Dakika arobaini nyingine, labda saa nzima. Wageni wa miji kumi na miwili wangeona nyekundu. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kile kitufe kabisa. Nikakisogeza pembeni, nikafunga kikao: Ungo uendelee.

Watu wanatoka, Mzee Gama akapita kwangu kama kawaida yake. Hakuwahi kuiamini simu. Kila kikao lazima aulize.

"Kijana, umeniandika?"

"Nimekuandika, mzee."

Akanigonga bega. Akasema basi, kama wenzake wamelipima neno lake na bado wameona hivyo, yeye ni nani. Akaenda zake.

*

Siku chache baadaye nikasikia kwamba Mzee Gama anapanda Ungo kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, peke yake, kabla ya abiria. Anashuka mpaka chini, anapanda tena, ndipo anaruhusu watu. Hakuna aliyemtuma.

Siku ya kumi na moja baada ya kikao nilikwenda. Niliwaza nitamwambia. Nilikuwa nimejipanga kabisa: mzee, shikamoo, kuna kitu kuhusu kile kikao. Nikamkuta anafunga mkanda wa helmeti. Akafurahi kuniona, akaniambia nipande, leo nitajifunza kitu ambacho hakimo kwenye simu.

Tulitoka kwenye ukungu taratibu. Katikati ya bonde akausimamisha Ungo. Kimya, yaani kimya hata upepo hakuna. Akainua nyundo, kichwa akakiegemeza kwenye chuma kinachoshika kebo, akanipa mpini.

Mwanzoni nilisikia kama bahari kwenye kombe. Halafu, mbali sana, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Nikasubiri. Njiti nyingine.

"Nyuzi," alisema. "Kebo ni nyuzi mia mbili na kitu zimesokotwa. Zinakatika ndani, nje huoni. Juzi moja. Leo mbili."

Nikamuuliza kwa nini asiwaambie.

"Si niliwaambia?" Alishangaa kweli. "Nilisema, ukaniandika, wakapima. Mashine yenu nzuri, inasikiliza wengi. Sasa nianze kuzunguka nyumba kwa nyumba kama mtu asiyekubali kushindwa? Mimi nasikiliza tu. Zikifika tano kwa siku nafunga mwenyewe, wanifukuze. Nikiwa ndani peke yangu, hasara ni helmeti."

Akacheka, mabega yakaruka.

Hapo ndipo pa kusema. Mtu ameniwekea mlango wazi kabisa, hata hodi sihitaji kubisha. Nikafungua mdomo, nikasema: "Tano sio nyingi, mzee?" Eti hicho ndicho kilichotoka. Akanijibu kwamba ni nyingi lakini anaijua kebo yake. Nikajiambia moyoni kikao kijacho, mwezi ujao, nitamrudisha wa kwanza kabisa, hata akisema anapenda maharage nitamrudisha.

Siku ya kumi na tisa kebo haikusubiri tano. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Watu thelathini na kitu walikuwa kituoni juu wanangoja, mmoja ana mtoto mwenye degedege, wanalalamika kwamba mzee anachelewesha. Ungo ulikuwa umefika nguzo ya tatu, unarudi, mzee ndani peke yake. Waliokuwepo wanasema hawakusikia mlio mkubwa. Wanasema ilikuwa kama mtu amechana kitambaa.

*

Mama Mlelwa, mwenyekiti wa jopo letu, aliniita ofisini siku iliyofuata. Alikuwa amelia, macho yamevimba. Alikuwa ameomba karatasi ya ndani ya Kapu, ile ambayo kwa sheria inafungwa miaka thelathini, na alikuwa ameisoma. Kwenye mstari wa Mzee Gama palikuwa pameandikwa: Hakuna neno.

Aliniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua.

Akawa anakunja na kukunjua kona ya kitenge. Mimi nilitaka anipige. Badala yake akaanza kunihesabia, kwa sauti ya chini, kama anajihesabia mwenyewe. Kisima cha Nkwasi ambacho Kapu lilikizuia kabla watoto hawajanywa. Chanjo ya ng'ombe. Watu wa mtoni waliohamishwa wiki moja kabla ya mafuriko. Miji arobaini, na kumi na miwili mingine imeomba. Ikijulikana kwamba Kapu linaweza kutupa neno la mtu na mwendeshaji akanyamaza, kesho yake hakuna mji utakaoliamini, na watu watarudi kwa yule mwenye sauti kubwa au mwenye asilimia.

"Festo mwanangu," alisema, "Gama alikuwa mtu wa utani. Kila mtu anajua. Karatasi itafungwa, wewe utarekebisha programu yako, na hili halitatokea tena. Si ndicho kitu muhimu?"

Nilitaka kukubali, nawaambia ukweli. Na huyu mama si mbaya, kila alichokihesabu kilikuwa kweli.

Nikatoka, na pale nje kwenye benchi alikuwa amekaa Dokta Mgongolwa, na bahasha mkononi. Barua ya kuacha kazi. Alinionyesha bila kuulizwa. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyeyavuta mapatano kwenda juu, kwamba Gama alimwonya na yeye akashuka ngazi moja tu kwa sababu ya kiburi cha sahihi yake, na kama angeshuka mbili Kapu lingerudisha.

"Lake liliingia, langu likalizidi," aliniambia. "Nimemzidi mtani wangu kwa mara ya kwanza, Festo. Angalia nilivyomzidi."

Ile sauti ya kuita ng'ombe haikuwepo. Nikamwambia pole, Dokta. Simu ilikuwa mkononi, lile neno la kijivu limo ndani, nikamwambia pole tu.

*

Tulimzika kwao, kijiji kimoja nje ya Songea, saa nane mchana, jua kali. Kama hujawahi kuona msiba wa Wangoni wenye watani, utadhani watu wamerukwa na akili. Watani wa Kihehe walikuja na lori. Walimwaga maji ya kunawa, wakaficha majembe ya wachimbaji, mmoja akalala ndani ya kaburi akasema ni zuri mno kwa Mngoni, analichukua yeye. Na wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya watani. Mjane alikuwa amefunika mdomo kwa khanga, anatikisika, hujui analia au anacheka.

Dokta hakuwa amefanya kitu. Alikaa nyuma, watu wakaanza kumtafuta kwa macho. Mtani mkuu wa marehemu alikuwa yeye, na mtani akinyamaza inakuwa kama msiba haujakamilika.

Halafu akasimama. Alikuwa amevaa ile helmeti ya njano, imepondeka upande mmoja. Mkononi ana nyundo. Akatembea kifupifupi, magoti yamepinda, yeye mwanamke mrefu vile, na ilikuwa ni Mzee Gama kabisa, watu wakapiga yowe la kicheko kabla hajafika. Akalizunguka jeneza. Akaligonga mara mbili, akaweka mpini sikioni, akafumba macho.

"Nyuzi zote zimekatika," akasema kwa sauti ya Mzee Gama. "Haya, mzikeni, safari hii ni kweli."

Mjane akacheka waziwazi, kichwa nyuma. Na Dokta akaendelea, akapita mbele ya watu wa Lihanje, anamgonga huyu kifua anasikiliza, anamgonga yule. Akafika kwangu. Sidhani kama alikuwa na nia yoyote. Alikuwa anamwigiza mtu aliyemjua, na mtu huyo alikuwa na swali lake moja ambalo kila mmoja wetu alilisikia mara mia.

"Kijana, umeniandika?"

Watu wakaangua kicheko, walikuwa wanalingojea. Mama Mlelwa naye, hatua mbili kutoka kwangu, alikuwa anatabasamu, na hapo hapo tabasamu likakwama.

Nilikuwa na jibu. Jibu nililolizoea, lilikuwa limekaa mdomoni tayari. Nimekuandika, mzee. Watu wangecheka, Dokta angepita kwa mwingine, karatasi ingefungwa.

"Hapana, mzee," nikasema. "Sikukuandika. Neno lako Kapu lililitupa, nikaliona, nikanyamaza."

Wakacheka. Wakacheka kuliko mwanzo, mtu mmoja akapiga kofi pajani akasema kijana wa Kapu naye kumbe ni mtani. Ilikuwa zamu ya utani, kila kilichosemwa kwenye duara lile kilikuwa utani, wakakiacha kipite.

Dokta hakucheka. Nyundo ilikuwa bado iko hewani. Akawa ananiangalia machoni, na nikaona magoti yake yananyooka polepole, anarudi urefu wake, Mzee Gama anamtoka.

Mama Mlelwa akanishika kiwiko. Hakubana. Alinishika tu.

Nikatoa simu, nikaishika juu ili skrini waione, yale maneno manne meupe na lile moja la kijivu. Nikangoja kicheko kiishe. Kilichukua muda. Kilipoisha, nikasema tena, polepole, bila utani.